Mgongo wazi, MTHFR, na swali la "damu ya upande gani"

Mama yangu ana swali moja ambalo huliuliza kila ugonjwa unapoingia katika ukoo: hii ni damu ya upande gani? Aliliuliza mjomba alipopata kisukari. Aliliuliza tena binti wa kaka yangu alipozaliwa kule Korogwe akiwa na mgongo wazi, kisha kichwa kikaanza kukua kuliko mwili. Mtoto amefanyiwa upasuaji, amewekewa mrija wa kupunguza maji kichwani, na leo anaenda shule kwa kiti cha magurudumu, ananiita shangazi kwa sauti ya kuamrisha. Lakini swali la mama halikuondoka nyumbani kwetu.

Mwaka huu likapata jibu lenye herufi za kigeni. Mdogo wake wifi yangu anaishi Houston, na huko alipima vinasaba kwa kutema mate kwenye kichupa na kukituma kwa posta. Majibu yakaja kwamba ana nakala moja ya badiliko la jeni iitwayo MTHFR. Akatuma ujumbe wa sauti kwa familia nzima: tumegundua chanzo, ndiyo maana mtoto alizaliwa vile, na sasa wanawake wote wa kwao waache foliki asidi ya kawaida, yaani vitamini B9 ya vidonge, eti miili yao haiwezi kuitumia, waache na unga ulioongezwa virutubishi, wanunue aina nyingine anayoitumia yeye. Mama aliposikilizishwa alitikisa kichwa tu: "Kumbe upande wao."

Wifi alinipigia usiku.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba mama. Mmeshindaje?"

"Tumeshinda salama. Wifi, wewe ni mtu wa dawa. Niambie kweli. Ni mimi?"

Mimi ni mfamasia, nina duka la dawa hapa Tanga mjini, na swali hilo nalisikia dukani kwa namna nyingi. Naandika hapa nilichomweleza yeye, na mengine ambayo kwenye simu hayakutosha, kwa sababu ninaona neno jipya la maabara likigeuzwa kuwa fimbo ya zamani ya kumchapia mwanamke.

Jeni ya MTHFR kila mtu anayo, nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Kazi yake ni kutoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya ambacho huchukua foleti, yaani vitamini B9 inayopatikana kwenye mboga za majani, maharage na maini, na kuigeuza iwe katika umbo la mwisho ambalo mwili unalitumia kubebea kikundi kidogo cha kemikali kiitwacho methili. Methili hiyo hukabidhiwa kemikali ya damuni iitwayo homosisteini, kwa msaada wa vitamini B12, na homosisteini inageuka kuwa methionini, kiungo kimoja cha protini. Kutoka hapo methili inasafiri mwili mzima: inabandikwa juu ya vinasaba ili jeni fulani zinyamaze na nyingine zifanye kazi, na inaingia katika utengenezaji wa vitu vingi vya seli. Kazi hiyo ya kubandika ndiyo wanayoiita methilesheni. Foleti hiyo hiyo, kwa njia ya pembeni, inatumika pia kuunda vinasaba vipya kila seli inapogawanyika. Kwa hiyo mahali popote seli zinapogawanyika kwa kasi, yaani kwenye uboho unaotengeneza damu au kwenye mimba changa, foleti ikipungua madhara yanaonekana mapema.

Mwaka 1995 kikundi cha Rima Rozen pale Montreal, Kanada, kilieleza badiliko liitwalo C677T. Katika nafasi ya 677 ya maelekezo, herufi C imekuwa T, na kwa ajili hiyo kiungo kimoja cha protini, alanini, kinabadilishwa na valini. Kimeng'enya kinachotoka ni kilegevu, joto linakishinda upesi. Mwenye nakala mbili za T, yaani TT, maabara ikipima, kimeng'enya chake kinafanya kazi kwa takriban asilimia 30 tu ya kile cha kawaida. Mwenye nakala moja anabaki na kama asilimia 65.

Asilimia 30 inatisha ukiisoma hivyo, na wauza virutubisho hukuachia hapo hapo. Lakini pima damu ya watu hao walio na nakala mbili, wakiwa wanakula foliki asidi kiasi sawa na wenzao: foleti yao iko chini kwa takriban asilimia 16 tu. Mwili una namna ya kufidia. Ndiyo, kwa mama mwenye nakala mbili hatari ya kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi inaongezeka, karibu mara mbili katika chambuzi kadhaa. Hilo silifichi. Ila ni mara mbili ya tatizo ambalo katika nchi nyingi humpata mtoto mmoja au wawili kati ya elfu. Wengi kabisa wenye TT wanazaa watoto wazima, na wengi waliozaa watoto wenye mgongo wazi hawana TT. Shemeji yetu wa Houston ana nakala moja. Hiyo si ugonjwa, na haitoshi kueleza lolote kuhusu binti wa dada yake.

Kuna jambo jingine ambalo ujumbe ule wa sauti haukulijua. Badiliko hili halikugawanywa sawa duniani. Ni la kawaida sana Mexico, Italia, na China ya kaskazini. Kusini mwa Sahara ni adimu: herufi T inaonekana katika nakala chini ya moja kati ya kumi. Piga hesabu mwenyewe: hata tukisema ni moja kati ya kumi, mwenye nakala mbili atakuwa mmoja kati ya mia. Na bado wodi za watoto za Muhimbili, Bugando na kule Mbale, Uganda, zinapokea watoto wa mgongo wazi na vichwa vikubwa mwaka mzima. Basi kwetu sisi kiini cha tatizo kitafutwe kwanza kwenye foleti yenyewe: haikuwepo ya kutosha, au ilifika ikiwa imechelewa.

Na hapa kwenye kuchelewa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo.

Mimba inapotungwa, uti wa mgongo na ubongo huanza kama utando bapa unaojikunja pande mbili hadi kuwa mrija. Mrija huo unatakiwa uwe umefunga kufikia siku ya 28. Ukishindwa kufunga chini, mtoto anazaliwa na mgongo wazi. Ukishindwa kufunga juu, fuvu na ubongo haviundiki, na mtoto huyo haishi. Siku ya 28 tangu mimba kutungwa maana yake ni wiki mbili hivi baada ya siku alizotarajia hedhi. Wanawake wangapi wanajua wakati huo? Wengine ndiyo kwanza wanasema labda ni uchovu, labda ni malaria. Kliniki wengi hawaji kabla ya wiki ya 12. Pale wanapewa FEFO, vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, na vidonge hivyo ni vya maana sana kwa damu yao. Ila mrija wa mtoto ulishafunga, au ulishashindwa kufunga, miezi miwili nyuma.

Wifi alikwenda kliniki. Alimeza FEFO zake zote, namjua, ni mtu wa kufuata maelekezo. Alianza mwezi wa nne kama walivyoanza wenzake wote pale kijijini. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna kidonge cha kuanza kabla, akiwa bado hata hajachelewa siku zake. Nilipomweleza hivyo alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hiyo hata ningekuwa na jeni nzuri ingeweza kutokea?" Nikamwambia ndiyo. Ingeweza.

Ushahidi kwamba kidonge kinazuia ni wa zamani, na ni imara. Mwaka 1931 daktari Mwingereza Lucy Wills aliandika juu ya wajawazito wa Bombay, wengi wao watu wa viwanda vya nguo, waliokuwa na upungufu mkali wa damu, na jinsi dondoo ya hamira ilivyowaponya. Kitu kile kilichokuwa ndani ya hamira baadaye kilijulikana kuwa foleti. Ikachukua miaka 60 kufika kwenye mgongo wa mtoto: mwaka 1991 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika vituo 33 vya nchi 7, kwa wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye tatizo hilo. Katika mimba 1,195, watoto 27 walipata tatizo tena: 6 kwa mama waliopewa foliki asidi, 21 kwa wasiopewa. Hatari ilishuka kwa asilimia 72, na utafiti ukasimamishwa kabla ya muda kwa sababu jibu lilikuwa wazi. Mwaka uliofuata Hungaria ikaonyesha kwamba vidonge vya vitamini vyenye foliki asidi vinazuia hata kwa mama ambaye hajawahi kupata tatizo hilo.

Halafu China. Huu ndio utafiti niliomsomea shemeji wa Houston kwa simu, taratibu, kwa sababu unajibu hofu yake moja kwa moja. Wanawake walimeza mikrogramu 400, yaani miligramu 0.4, za foliki asidi ya kawaida, ile ile ya bei ndogo, kuanzia kabla ya mimba. Matokeo yalitoka 1999. Kaskazini, mahali ambapo T ni nyingi na mgongo wazi ulikuwa mwingi, kiwango kilishuka kutoka karibu watoto 5 kwa kila elfu hadi 1. Kama foliki asidi isingeweza kutumiwa na watu wenye badiliko hili, huko ndiko ingeshindwa. Huko ndiko ilikofanya kazi kubwa zaidi.

Aina ile nyingine, methilifoleti, si sumu wala si utapeli. Ni umbo la foleti ambalo kweli lipo mwilini, na inapandisha foleti ya damu. Lakini foliki asidi ndiyo pekee iliyojaribiwa kwa wajawazito na kuonekana inazuia mgongo wazi. Mteja akiniletea picha ya chupa kutoka nje na kuniomba nimwagizie, namwonyesha kwanza vidonge vidogo vya njano vilivyo kwenye rafu yangu. Bei yake haifiki nauli ya bodaboda. Kumwambia mwanamke wa Handeni akiache hicho asubiri cha dola nyingi ni kumwacha mikono mitupu katika zile wiki nne zinazohesabika. Vipimo vya jeni hii navyo, chama cha wataalamu wa jenetiki ya tiba cha Marekani kilishasema mwaka 2013 visiagizwe kwa ajili ya kutafuta sababu ya mimba kuharibika mara kwa mara au damu kuganda, maana majibu hayabadilishi matibabu.

Upande wa moyo sitakaa sana. Homosisteini ikizidi inaandamana na magonjwa ya mishipa, na kwa miaka mingi watu walitumaini kwamba ukiishusha kwa vitamini utazuia mshtuko wa moyo. Majaribio makubwa yaliyotoka 2006 yaliishusha kweli, na mshtuko wa moyo haukupungua. Kiharusi ni habari tofauti kidogo: China, kwa watu zaidi ya 20,000 wenye shinikizo la damu, kuongeza foliki asidi kwenye dawa ya presha kulipunguza kiharusi cha kwanza kwa asilimia 21, matokeo ya 2015, katika nchi ambayo unga wake haukuwa umeongezwa foleti. Na kwa wenye TT kuna jambo zuri lililopatikana na watafiti wa Ireland ya Kaskazini. Kimeng'enya chao kinalegea kwa sababu kinaiachia haraka vitamini B2 inayokisaidia. Ukiwapa B2 kidogo tu, miligramu 1.6 kwa siku, shinikizo lao la damu linashuka. Kwa wasio TT haishuki. Huo ndio mfano ninaoupenda wa jeni kumsaidia mtu: inakuonyesha kitu cha kufanya, tena cha bei ndogo.

Methilesheni yenyewe, ile ya kubandika alama juu ya vinasaba, imeonekana waziwazi hapa Afrika. Katika vijiji vya Gambia karibu na Keneba, chakula hubadilika sana kati ya masika na kiangazi. Watafiti walilinganisha watoto waliotungwa mimba katika misimu hiyo miwili na kukuta alama za methili kwenye baadhi ya sehemu za vinasaba vyao zinatofautiana, kufuatana na virutubishi vilivyokuwa kwenye damu ya mama siku za mwanzo kabisa. Kwa mtu anayetoka katika jamii ya wakulima inayojua njaa ya mwezi wa pili na wa tatu, habari hiyo haipiti hivi hivi. Nimemsomea mama yangu pia. Alisema, "Basi hata mvua ina mkono." Nikamwambia ndiyo mama, hata mvua.

Sasa kitu ambacho makala za Ulaya na Marekani hazitakuambia, kwa sababu wao hawana malaria. Ile SP wanayopewa wajawazito kliniki kuzuia malaria inafanya kazi kwa kumnyima kimelea uwezo wa kujitengenezea foleti. Ukimjaza mama foliki asidi nyingi, unamlisha na kimelea. Utafiti wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa 2006 ulilinganisha wajawazito wenye malaria waliotibiwa kwa SP: waliopewa foliki asidi ya miligramu 5 kwa siku, tiba ilishindwa mara nyingi zaidi. Waliopewa miligramu 0.4 haikuwaharibia kitu. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linasema miligramu 5 au zaidi isitolewe pamoja na SP. Naona mara kwa mara mtu anakuja na cheti cha miligramu 5, mimba ya miezi sita, na kwenye kadi yake ya kliniki SP imeandikwa wiki hiyo hiyo. Huyo simuuzii kabla sijampigia simu aliyemwandikia. Mwenye seli mundu naye, ambaye amezoea miligramu 5 kila siku kwa sababu chembe zake za damu zinavunjika na kutengenezwa upya bila kupumzika, akishika mimba aseme mapema kliniki ili mpango wake wa malaria uangaliwe upya.

Pemba nayo ilitufundisha kwa machungu. Watoto wadogo walipewa madini ya chuma pamoja na foliki asidi kila siku, kwa nia njema kabisa, na matokeo yaliyotoka 2006 yakaonyesha kwamba waliokuwa wakipewa walilazwa au kufariki zaidi kwa asilimia 12. Chuma ndicho kinachoshukiwa zaidi, katika kisiwa kilichokuwa kimejaa malaria wakati ule. Naitaja kwa ajili ya wale wanaosema vitamini haina ubaya, meza tu. Kadhalika mtu mzima mwenye upungufu wa B12: foliki asidi nyingi inaweza kuinyanyua damu yake na kumfanya aonekane amepona, huku neva zikiendelea kuharibika chini kwa chini.

Na unga. Tanzania iliweka kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano na mahindi mwaka 2011, Kenya ikalazimisha mwaka 2012. Marekani walianza tangu 1998, mikrogramu 140 kwa kila gramu 100 za unga. Kwetu kanuni inavifikia viwanda vikubwa, lakini wifi yangu hajawahi kununua unga wa kiwandani. Anabeba mahindi yake kichwani hadi mashine ya kijijini, yanasagwa, anarudi nayo. Kuna asasi ya Sanku ambayo imefunga kwenye mashine ndogo nchini kifaa kinachopima na kudondosha virutubishi wakati mahindi yanasagwa. Ningependa kuona kifaa hicho kwenye kila mashine kutoka Lushoto hadi Pangani, na ningependa madiwani waulize habari zake kwa ukali ule ule wanaoulizia barabara. Unga unamfikia msichana ambaye hajapanga mimba, na hakuna kidonge kinachoweza kufanya hivyo.

Wifi anataka mtoto mwingine. Tumekaa na daktari wake tukapanga hivi: kwa kuwa ameshazaa mtoto mwenye mgongo wazi, ameanza miligramu 5 kila siku kabla ya kushika mimba, hadi wiki ya 12. SP kliniki huanza baada ya hapo, wiki ya 13 na kuendelea, na siku hiyo atashuka kwenda miligramu 0.4 iliyo ndani ya FEFO. Katikati atalala ndani ya chandarua na kupima malaria akisikia homa. Jeni hatukupima.

Kwa wewe ambaye hujawahi kupata tatizo hilo na unapanga, au hupangi lakini inawezekana: unachohitaji ni miligramu 0.4 kila siku, kuanzia mwezi mmoja kabla kwa uchache. Ukikosa kidonge cha kiasi hicho peke yake dukani, omba FEFO na usome pakiti, kwa sababu nyingine zina 0.25. Usikubali kupewa ya miligramu 5 kwa kuwa tu ndiyo iliyopo kwenye rafu. Na mboga, mchicha au matembele, usiichemshe ukamwaga maji yake. Foleti nyingi inakwenda na maji hayo.